Kirangozi Juu ya Pikipiki: Njia za Mpakani Kaskazini mwa Kenya na Elimu ya Mwenye Kuzijua

Utangulizi

Katika misafara ya karne ya kumi na tisa iliyotoka Pangani, Bagamoyo na Mombasa kwenda bara, palikuwa na mtu mmoja ambaye wapagazi wote waliufuata mgongo wake. Huyu aliitwa kirangozi. Ndiye aliyetangulia, akapima mwendo, akachagua njia pale njia zilipogawanyika, na kuiziba ile isiyofaa kwa tawi au kwa mstari uliochorwa mavumbini ili walio nyuma wasipotee. Tajiri wa msafara aliweza kubaki nyuma kabisa akipenda; kirangozi hakuwa na hiari hiyo. Siku hizi neno hili hukutwa kamusini zaidi kuliko vinywani mwa watu, na mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa maana yake aghalabu hujibu tu kwamba ni 'kiongozi', kisha akaendelea na mengine.

Kazi yenyewe, hata hivyo, ingali hai. Mojawapo ya mahali inapoonekana waziwazi ni kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, ambako wasafiri wanaopenda kupita nyikani kwa pikipiki huwategemea wenyeji wawatangulie katika vijia vinavyoelekea mpaka wa Ethiopia. Makala haya yanakusudia kueleza safari ya namna hiyo, kuanzia mji wa Marsabit, kupitia Maikona na Kalacha kwenye ukingo wa jangwa la Chalbi, kupanda vilima vya Huri, hadi Forole mpakani. Swali kuu ni hili: mwelekezi huyu anajua nini hasa, na elimu yake imehifadhiwa wapi? Itadhihirika kwamba sehemu kubwa ya elimu hiyo imehifadhiwa katika lugha: katika majina ya mahali, katika salamu, na katika namna ya kuhesabu miaka. Kwa sababu hiyo suala hili linawahusu wanafunzi wa lugha na fasihi angalau kama linavyowahusu mafundi wa pikipiki.

Pikipiki na mpaka: udugu wa zamani

Ikumbukwe kwamba Kiswahili cha Afrika Mashariki kilikwisha kuuoanisha usafiri wa namna hii na mpaka kabla ya pikipiki zenyewe kuenea. Neno 'bodaboda' huelezwa kwamba lilizaliwa Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambapo waendeshaji wa baiskeli waliwavusha watu na mizigo kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili huku wakiita abiria kwa kulitaja neno la Kiingereza la mpaka mara mbili. Baiskeli ikawa pikipiki, na neno likasafiri hadi vijiji ambavyo havijapata kuona mpaka wowote. Mnamo mwaka wa 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini ndogo, zisizofikia sentimita za ujazo 250, na muda si muda chombo hiki kikawa cha kawaida hata kaskazini, ambako hapo awali mtu alitembea kwa miguu, alipanda ngamia, au alingoja lori la mifugo lipite.

Jambo hili lina uzito wake. Mgeni anayefika Marsabit na pikipiki kubwa ya nyikani, yenye springi ndefu na magurudumu ya meno, huenda akadhani kwamba ameleta kitu kipya. Kijana atakayemwongoza huwa juu ya pikipiki ndogo ya bodaboda, ile ile iliyobeba magunia ya unga na wagonjwa wa zahanati, na mara nyingi ndiye hufika wa kwanza. Pikipiki nyepesi ikianguka mtu mmoja huiinua. Ikiharibika, fundi wa kijijini anayo plagi, cheni na tyubu yake. Ile kubwa ikivunjika kipande kimoja, hungoja Nairobi.

Nchi yenyewe

Hadi katikati ya miaka ya 2010, kufika Moyale kutoka Isiolo, mwendo wa takriban kilomita 500, kulikuwa jambo la siku kadhaa juu ya malori, kwenye barabara ya mawe na vumbi. Lami ilipokamilika safari hiyo ikawa ya siku moja. Kwa hiyo nchi ya vijia, kwa maana inayotumika hapa, huanza pale msafiri anapoiacha lami hiyo karibu na Marsabit na kuelekea kaskazini-magharibi.

Mlima wa Marsabit una msitu, ukungu na vile vishimo vikubwa vya volkeno ambavyo wenyeji huviita 'gof'. Kimojawapo kina maji, na wageni wamezoea kukiita Ziwa Paradise. Ukiteremka kutoka huko, dunia hubadilika ghafla: mawe meusi ya volkeno, mengine makubwa kama kichwa cha mtu, yametandazwa maili kwa maili kana kwamba yalimwagwa. Baada ya mawe huja mchanga na changarawe, na kisha Chalbi, ambayo maelfu ya miaka iliyopita ilikuwa ziwa na ambayo hata leo mvua kubwa huirudisha katika hali hiyo kwa majuma kadhaa. Wakati wa kiangazi ni tambarare nyeupe ya chumvi isiyo na kichaka, na mazigazi hucheza mbele ya macho mchana kutwa. Upande wa kaskazini-mashariki vilima vya Huri huinuka zaidi ya mita 1,500, vikiwa na majani baada ya mvua lakini bila mto wala chemchemi ya kudumu. Mbele yake ni Forole, kijiji cha Kenya kilichoegemea mlima ulioko Ethiopia.

Kaunti nzima ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 70,000, na sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu humo watu 459,785. Hesabu hiyo peke yake haielezi mengi. Linaloeleza zaidi ni kwamba katika eneo hilo huzungumzwa Kiborana na Kigabra, ambavyo ni lahaja za Kioromo, pamoja na Kirendile, Kisamburu, Kiturkana, Kiburji, Kisomali na Kidasanach; na kwamba Waelmolo wa Ziwa Turkana waliipoteza lugha yao ya asili, wakahamia Kisamburu. Kiswahili huko ni lugha ya soko, ya shule, ya kituo cha polisi na ya mgeni. Mwelekezi hukitumia kumweleza msafiri mambo ambayo yeye mwenyewe aliyajua kwa lugha nyingine, na tafsiri hiyo, inayofanywa papo hapo huku injini ikinguruma, ni kazi ambayo haijalipiwa hata senti katika bei ya safari.

Kuhusu uendeshaji

Kuhusu uendeshaji wenyewe si lazima kusema mengi, kwa maana kila ardhi hufundisha kwa kuangusha. Kwenye mawe mwendeshaji husimama juu ya vikanyagio, magoti yakiwa yamelegea, akaiacha pikipiki icheze chini yake bila kuupigania usukani. Kwenye mchanga hupunguza upepo wa magurudumu ili yatandazike, huweka uzito nyuma, na huendelea kutia mafuta kwa kiasi kile kile. Anayeogopa na kufunga breki ya mbele hulala chini mara moja. Vumbi laini kama unga hujaza kichujio cha hewa, nalo lazima likung'utwe kila jioni. Mawe ya volkeno hukata matairi, hivyo tyubu za akiba, viraka na pampu si vitu vya kuazima. Petroli hununuliwa Marsabit, na kinachopatikana vijijini huuzwa kwa chupa, pengine kikiwa kimechanganyika na vumbi au mafuta ya taa. Maji hubebwa kabla ya nguo. Anayeanza alfajiri na kupumzika kivulini kuanzia saa tano hadi saa tisa hufika mbali kuliko anayejitutumua mchana wote.

Haya yote mgeni anaweza kuyajua kabla ya kutoka kwao. Yanayofuata hawezi.

Kusoma ardhi

Chukulia msafiri aliyetoka Maikona akiwa na ramani katika simu yake. Ramani humwonyesha mstari uliokatiza Chalbi, na mstari ule si uongo. Gari fulani, siku fulani, lilipita hapo. Upungufu wa mstari ni kwamba hauna tarehe. Ganda la chumvi lililo kavu juu huweza kuficha tope laini chini yake miezi miwili baada ya mvua, na ganda hilo humbeba mbuzi lakini halimbebi mtu na pikipiki yake. Gurudumu la nyuma likishatoboa, kila anapoongeza mafuta huzama zaidi, hadi ekseli. Hapo kivuli hakuna, na mwelekeo wote ni mweupe.

Mwelekezi huitazama rangi. Ganda lililopauka na kupasuka vipande vinavyojikunja pembeni limekauka hadi chini. Lile la rangi ya chai, lenye kung'aa, lina maji. Huangalia pia nyayo za ngamia. Mahali ambapo ngamia wamezama hadi kifundoni, pikipiki haipiti. Vijia vya ngamia vikisogeleana na kuungana, maji yapo mbele. Vikitawanyika kama vidole, hapo ni malisho, na anayetafuta kisima amekosea upande. Elimu hii inafanana sana na kusoma, na walimu wa fasihi watavumilia kulinganishwa na wachunga ngamia: alama moja haitoshi, maana hupatikana katika uhusiano wake na alama jirani, na msomaji mbaya ni yule anayeona kile alichokuja akikitarajia.

Upepo nao ni sehemu ya matini hayo. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na milima ya Marsabit na Kulal hupita mkondo wa upepo mkali kutoka kusini-mashariki, ambao wataalamu wa hali ya hewa wameupa jina la ziwa, wakauita mkondo wa Turkana. Huvuma kwa nguvu zaidi usiku na asubuhi. Kwa sababu haubadiliki-badiliki kama upepo wa pwani, hutumika kama dira. Anayetoka Maikona kwenda Kalacha huwa nao mgongoni. Anayetoka Kalacha kupanda Huri kuelekea Forole huusikia kwenye shavu la kulia, na ukihamia puani anajua kwamba amepinda kuliko inavyofaa. Hata vichaka vinasimulia habari hiyo: mchanga hujikusanya upande wa pili wa kila kichaka kama mkia, na mikia yote huelekea upande mmoja.

Majina ya mahali ndiyo hazina kubwa zaidi. Neno la Kioromo 'ela' maana yake kisima, na Kisomali kina neno la jamii hiyo hiyo. Kila 'El' kwenye ramani ya kaskazini, kuanzia El Gade iliyo upande wa North Horr hadi El Wak kule Mandera, ni tangazo la maji kwa anayelielewa. El Wak, mathalani, ni kisima cha Mungu. 'Dida' ni uwanda wazi, na kwa hivyo anayesikia Dida Galgalu ajiandae kwa jua bila kivuli. 'Laga' ni korongo la mto wa msimu, mahali pa kupumzika mchana lakini pasipolaliwa usiku mawingu yakionekana mlimani, kwani maji huja bila mvua kunyesha pale yalipofika. 'Hurri' ni ukungu, na vilima vya Huri asubuhi huwa havionekani kweli. Kuna na jina la Dukana, kituo kilicho kaskazini-magharibi mwa Kalacha. Sikio la Mswahili husikia humo 'duka', likafurahi kwamba litapata soda. Sikio la Mworomo husikia 'dukkana', yaani giza. Mgeni aliyeachwa peke yake na ramani husafiri miongoni mwa majina kama mtu anayepita sokoni bila kujua hata bei moja.

Hali kadhalika, wakati una lugha yake. Mvua za Machi hadi Mei huitwa 'ganna', na zile za mwisho wa mwaka 'hagaya'. Wagabra huipa miaka majina ya siku za juma katika mzunguko wa miaka saba, hivi kwamba mzee husema njia fulani ilifungwa na maji mwaka wa Ijumaa, na msikilizaji akajua ni wa mzunguko upi kutokana na matukio yanayotajwa pamoja nao. Mwelekezi akiwa amekaa na wazee hawa, hubeba kichwani taarifa za njia za miongo kadhaa. Asipokaa nao, huwa na pikipiki tu.

Salamu kabla ya maji

Kosa kubwa la wageni wengi ni kudhani kwamba mwelekezi huajiriwa ili kuonyesha njia peke yake. Katika nchi hii kila kisima kina wenyewe. Kwenye visima virefu vya Waborana huwapo msimamizi wa zamu za kunywesha, aitwaye 'aba herega', ambaye hupanga ni mifugo ya nani itakunywa lini. Anayechovya mtungi bila kupitia kwake huwa amevunja mpango wa watu na wanyama waliotembea siku nzima. Kwa hiyo mwelekezi huzima injini mbali kidogo na kisima, hutembea kwa miguu, na huanza salamu. Salamu ya Kiborana imejengwa juu ya neno 'nagaa', yaani amani, nayo huulizia amani ya watu, ya mifugo, ya malisho na ya mvua, mpaka habari zote za njia ziwe zimetolewa bila yeyote kuonekana akipeleleza. Mgeni anayetazama saa yake huona muda ukipotea. Kumbe hapo ndipo inapojulikana kwamba laga iliyo mbele ilijaa juzi, au kwamba kuna wizi wa mifugo uliotokea na vijana wenye bunduki wako njiani.

Hatari hiyo si hadithi ya kuwatisha watalii. Mnamo Julai 2005 makumi ya watu, wakiwamo watoto wa shule, waliuawa Turbi, kwenye barabara ya Moyale, katika uhasama wa jamii za eneo hilo. Mwezi wa Aprili 2006 ndege iliyowabeba viongozi waliokwenda kutafuta amani ilianguka Marsabit, na miongoni mwa waliofariki alikuwamo Dkt. Bonaya Godana, mbunge wa North Horr aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje. Kumbukumbu za mambo kama haya ndizo zinazoamua kijana wa jamii gani anaweza kufika wapi. Kigabra kinachofungua njia Kalacha hakiwezi kuifungua Ileret, kwa Wadasanach. Hapo hutafutwa mtu mwingine, na yule wa kwanza hurudi. Msafiri anayemshurutisha mwelekezi wake avuke mahali ambapo hataki kuvuka, eti kwa kuwa amekwisha kumlipa, huwa anamtaka aweke rehani maisha yake kwa bei ya petroli. Kukataa kwa mwelekezi ni sehemu ya utaalamu wake, na pengine ndiyo iliyo ngumu zaidi kuitekeleza mbele ya mwenye pesa.

Kauli ya kutendwa

Wasafiri hawa wakirudi makwao huandika. Uandishi wa safari una historia ndefu katika Kiswahili, na Safari za Wasuaheli, iliyotolewa na Carl Velten mwaka wa 1901, ni ushahidi kwamba Waswahili wenyewe walizisimulia safari zao mapema. Ukisomwa uandishi wa safari za nyikani, wa Kiswahili na wa lugha nyingine, jambo moja la kisarufi hujitokeza. Mwandishi anapoanguka, husema kwamba alianguka. Anapoona mandhari ya kupendeza, husema kwamba aliona. Zinapofika habari za kuokolewa na elimu ya mwenyeji, kitenzi hubadilika ghafla: njia ikapatikana, kisima kikaonekana, ikajulikana kwamba mbele hakupitiki. Kauli ya kutendwa na ile ya kutendeka, ambazo mwanafunzi hufundishwa kama viambishi vya kukariri, hapa zinafanya kazi ya kumfuta mtu. Njia haikujipata. Kuna aliyeitafuta, na alikuwa na jina.

Mtindo huu una mizizi. Mnamo Machi 1888 Sámuel Teleki na Ludwig von Höhnel walilifikia ziwa ambalo Wasamburu waliliita Basso Narok, wakalipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, nalo likaitwa hivyo rasmi hadi mwaka wa 1975 lilipoitwa Turkana. Msafara wao ulitoka Pangani mwaka wa 1887 chini ya uongozi wa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara Mswahili wa pembe za ndovu ambaye miaka michache awali msafara wake ndio uliomwezesha Joseph Thomson kupita nchi ya Wamaasai. Wanafunzi wangapi wa historia wanaomjua Teleki wanamjua pia Kimemeta? Hata katika Koobi Fora, ambako watafiti walianza kuchimba mwishoni mwa miaka ya 1960, vipande vya kwanza vya lile fuvu mashuhuri lenye namba 1470 viliokotwa mwaka wa 1972 na Mkenya, Bernard Ngeneo, ingawa katika masimulizi ya kawaida fuvu hilo 'lilipatikana' tu. Na huko huko Ileret zipo nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu zilizodumu udongoni miaka ipatayo milioni moja na nusu, zilizotangazwa mwaka wa 2009. Hawa nao walipita, bila jina. Lakini wao wana udhuru.

Hapa Kiswahili kinatoa msaada ambao haujatumiwa ipasavyo. Kitenzi 'ongoa' maana yake ni kunyosha kilichopotoka, kumtia mtu katika njia sawa. Kutokana nacho zikaja 'ongoza', 'kiongozi' na 'mwongozo'. Siasa imelichukua neno 'kiongozi', nalo kwa sasa limeelemewa na magari yenye bendera. 'Mwelekezi' ni jina linalofaa, lakini humfanya mtu aonekane kama kidole kinachoonyesha. 'Kirangozi' lingali likingoja. Lina uzito wa aliyetangulia na kubeba dhamana ya walio nyuma, na kulirejesha kwa kijana wa Kalacha hakutamwongezea mshahara, ila kutamweka kwenye sentensi kama mtenda.

Forole

Kutoka vilima vya Huri mlima wa Forole huonekana mbele, mweusi na peke yake. Uko Ethiopia, kijiji na maduka yake machache viko Kenya. Mstari unaopita kati yake ulipimwa na Kapteni Philip Maud mwaka wa 1902 na 1903, ukaingizwa katika mkataba wa Uingereza na Ethiopia wa 1907, kisha ukathibitishwa kwa mkataba wa Kenya na Ethiopia wa 1970. Hakuna kati ya mikataba hiyo uliouhamisha mlima. Kwa Wagabra, hasa wale wa Galbo, Forole ni mlima mtakatifu, nao wamekuwa wakienda huko na ngamia wao kwa hija na matambiko ya 'jila' ambayo hufanyika baada ya miaka mingi. Njia ambayo msafiri wa pikipiki huihesabu kuwa ya ushujaa, wazee, wanawake na watoto wameipita wakiwa na nyumba zao mgongoni mwa ngamia. Kiswahili kinalo neno 'mpaka' kwa maana mbili, ya mstari wa nchi na ya 'hadi'; mfugaji huelekea kuifahamu ile ya pili kwanza, mpaka mvua inyeshe, mpaka malisho yaishe.

Mgeni, hata hivyo, huishia hapa. Huripoti kwa polisi wa Kenya, huutazama mlima, na akitaka kuingia Ethiopia hurudi hadi barabara kuu na kwenda Moyale, kwenye kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Desemba 2020, ambako atapigiwa muhuri na kisha kuhama kutoka kushoto mwa barabara kwenda kulia. Asiende Forole kwa matumaini ya kupenyeza. Anayelipia kosa hilo baadaye ni kijana aliyemleta, kwa kuwa yeye ndiye anayejulikana anakokaa.

Imebaki hesabu ndogo ambayo hupuuzwa katika mapatano mengi. Mgeni huulizia petroli ya kufika mpakani, huinunua, na huona amekamilisha wajibu wake. Yeye ataelekea mashariki kuitafuta lami ya Turbi, na lami haihitaji kirangozi. Mwenzake atageuza pikipiki ile ndogo na kurudi Kalacha peke yake, safari hii upepo ukimpiga shavu la kushoto, bila mtu wa kumsaidia kuinua chombo wala kuziba tairi. Kwa sababu hiyo wenyeji wenye uzoefu hawaulizi kwanza bei ya siku. Huuliza lita ngapi zimetengwa za kurudi, na hutaka zimiminwe kwenye jerikeni yao kabla ya kuondoka Kalacha.